Rangi ya Kiraka

4 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekupunguzia adhabu. Mimi sijambo isipokuwa mgongo, na huo ni wa kujitakia, maana bado nakalia kiti kile cha ofisini ulichosema kitanitoa kibiongo. Dari inavuja tena. Nimeweka ndoo juu ya meza ya karani wangu, naye amenuna wiki nzima, anapokea simu kwa sauti ya mfiwa. Ndugu yangu Bwana Kesho sijamtia machoni tangu Novemba. Aliniahidi kuja kula kwangu kesho, na kesho zake unazijua. Ukisikia habari zake niambie.

Najua simu huisikii siku hizi, kwa hiyo naandika, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu nina jambo linalotaka utulivu wako. Desemba ghala moja la vipuri vya baiskeli lilivunjwa na mlinzi akapigwa kichwani. Yu hai, ila mpaka leo hamtambui mkewe. Mmoja wa wezi aliacha koti limenasa kwenye seng'enge ya ua. Polisi wamemkamata fundi baiskeli mwenye kibanda jirani na hapo, kwa sababu mama muuza mkaa alimwona amelivaa siku mbili kabla. Mimi ndiye ninayemtetea.

Juzi niliruhusiwa kuliona koti lenyewe kwenye stoo ya mahakama. Karani wa huko alinisimamia kana kwamba ningelila. Ni la kijivu, bitana nyeusi, vifungo vitatu vya mfupa na kimoja cha plastiki, mfuko wa kushoto umetoboka. Kiwiko cha kulia kina kiraka kilichoshonwa kwa mkono: sindano inakwenda hatua mbili, inarudi moja, pembe zimekunjwa mara mbili, na uzi umefungiwa ndani kwa mafundo matatu. Nimekuchorea kwa penseli nyuma ya karatasi hii. Wewe umeshona miaka arobaini. Niambie, anayeshona hivi ni fundi wa namna gani? Nikimpata fundi nimempata mwenye koti.

Usiniulize kama mteja wangu anasema kweli. Miaka kumi na sita ya kazi hii imenifundisha kwamba kila mtu ana ukweli wake wa kwendea mahakamani, na akirudi nyumbani anauvua. Mimi siamini mtu. Natetea tu.

Wako,
Kwanini

2 Machi

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Barua yako imechelewa sana njiani, sijui posta siku hizi wanapeleka barua kwa miguu au vipi. Mimi nipo. Goti lipo pia, tumezoeana. Shule zimefunguliwa na watoto wamerefuka wote kwa pamoja kama waliopatana, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni ni kushusha mapindo ya sketi na suruali. Cherehani inanguruma nami siisikii. Naweka kiganja mezani nijue kama inakwenda.

Mchoro wako nimeuona. Kuchora hukujaliwa mwanangu, shukuru Mungu ulisomea sheria. Mshono huo ni wa kawaida, mafundi wengi wanaushona, hata wa vichochoroni. Hapo hutapata kitu.

Ila nimekushangaa. Umehesabu vifungo, umehesabu mafundo, umeniambia na bitana, halafu hukusema kiraka ni cha rangi gani. Kwa nini? Tangu una miaka minne nilikuita jina hilo kwa sababu ulikuwa huishi kuuliza, leo acha nikuulize mimi.

Hivi mtu huyo hawezi kupata wakili mwingine? Una kesi nyingi, na mgongo huo. Ndugu yako usihangaike kumtafuta, ni mtu mzima, atatokea mwenyewe.

Shangazi yako

15 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo mama yangu. Nafurahi goti na wewe mmepatana. Huku karani amehamisha meza yake mlangoni kuikimbia ndoo, na sasa kila mteja anayeingia anamgonga. Ananuna vizuri zaidi. Bwana Kesho bado hajatokea. Chumbani kwake mwenye nyumba anasema alihama bila kuaga.

Nimecheka kusoma kwamba mshono huo ni wa kawaida. Wewe, ambaye ukipita na mtu njiani unamjua aliyeshona kola yake! Lakini sawa. Mafundi mna siri kama madaktari.

Kesi imepangiwa tarehe 20 Mei na inaniendea vibaya. Mteja wangu ana hadithi moja na haibadilishi hata neno. Anasema mteja wake alileta baiskeli, akaacha koti kibandani kwa kuwa jua lilikuwa kali. Asubuhi yake kulikuwa na baridi, fundi akalivaa akiwa anaziba pancha, ndipo mama muuza mkaa alipomwona. Jioni mwenyewe akaja akalichukua. Jina lake? Halijui. Sura? Mrefu, anacheka kabla ya kusema. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hakimu atakutoa meno kwa hadithi hiyo." Akanijibu, "Bi Wakili, sina nyingine." Nikimwangalia vidole vyake vyeusi vya grisi namwona mwongo, na nikiangalia tena sioni kitu. Nimezoea watu wanaopamba. Huyu hapambi, na hilo ndilo linalonitia shaka.

Kuna jambo lingine linanizungukia kichwani. Mkewe alikuja kwangu moja kwa moja, wiki ile ile aliyokamatwa mumewe. Nikamuuliza nani kamwelekeza. Akasema mtu mmoja alimkuta analia pale kibandani, akamwambia, "Nenda kwa wakili yule, hashindwi." Hakumjua ni nani.

Kuhusu rangi ya kiraka, haina uzito wowote. Ni kitambaa cha zamani tu, kimefifia. Wakili mwingine simtafuti.

Wako,
Kwanini

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zitakuwa fupi leo. Mimi mzima, mvua zimeanza, jirani amejifungua mtoto wa kike na kwa jinsi anavyopanua kinywa akilia hata mimi nadhani namsikia.

Nilikudanganya. Barua yako ya kwanza haikuchelewa, ilifika siku ya tano. Nilikaa nayo kwenye boksi la vifungo nikiitoa na kuirudisha.

Mshono ule ni wangu. Mafundo matatu ni yangu, tangu sindano ya cherehani iliponitoboa kidole cha shahada na kukiacha kigumu, siwezi kufunga mawili yakashika. Hakuna fundi aliyenifundisha hivyo, nilijifunza kwa maumivu. Koti lile nililishona kiraka mwaka juzi, hapa hapa nilipokaa, nikatoa kifungo cha plastiki kwenye gauni langu la zamani kwa kuwa cha mfupa kilikuwa kimepotea. Nilimshonea ndugu yako.

Sasa umejua. Nilitaka usijue. Nyinyi wawili baba yenu aliniachia mkono kwa mkono, mmoja kulia mmoja kushoto, na sijui nikivuta huku kule itakuwaje. Nilifikiri nikinyamaza utashinda kwa maneno yako kama siku zote, fundi wa watu atatoka, na koti litabaki halina mwenyewe. Lakini uliposema habadilishi hadithi yake, kwamba hana nyingine, nilikosa raha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walimaanisha kwenye kiwiko.

Kiraka nilikikata kwenye sketi yako ya shule.

Shangazi yako

16 Aprili

Shangazi,

Naomba unijibu haya. Umeshona makoti mangapi mwaka juzi? Unakumbuka kila kiraka? Macho yako, miwani ulibadilisha lini mara ya mwisho? Mchoro ni wa penseli, wa mtu asiyejua kuchora, umesema mwenyewe. Unawezaje kuapa kwa mchoro wa penseli? Katika mji mzima hakuna fundi mwingine mwenye kidole kigumu? Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuuziwa koti hilo, kupewa, kuliiba? Sketi za shule za rangi hiyo zilishonwa mamia kwa mamia, wewe mwenyewe ulishona nusu yake. Na kama ni la kwake, koti kuwa kwenye seng'enge ni mtu kuwa kwenye seng'enge?

Ungekuwa kizimbani ningekuangusha kwa dakika kumi.

Wakili

30 Aprili

Wewe Kwanini,

Barua yako haikuwa na salamu. Nimekulea, nimekuosha, nimekukomesha kunyonya kidole, hujawahi kuniandikia barua isiyo na salamu. Hata mwizi akiingia ndani hupiga hodi ya uongo.

Nimezisoma hoja zako mara mbili. Nzuri. Mara ya kwanza nilikaribia kuziamini, nikaanza kujiuliza kama kweli nilishona koti lolote maishani mwangu. Hiyo ndiyo kazi yenu kumbe? Mtu anaingia na anachokijua, anatoka hana. Halafu nikaamka nikafungua sanduku, kwa sababu fundi hatupi mabaki. Nimeituma sketi pamoja na barua hii. Utaona upande wa nyuma pale nilipokata. Nilikata kwa haraka, mkasi ukateleza, kona moja ikatoka na jino. Nenda ukaweke tundu juu ya kiraka. Ukimaliza kuweka ndipo uniulize habari za miwani.

Na sasa jingine. Ndugu yako yuko hapa. Alikuja Jumapili iliyopita, amekonda, akakaa kwenye kigoda cha kupimia watoto nguo, akaniambia yote bila kuulizwa. Alipokuwa kibarua wa kupakia mizigo pale ghalani alijua seng'enge imelegea wapi. Wenzake wawili walimwomba awaonyeshe. Aliwashikia waya wakaingia. Akasikia mlinzi anapigwa, akakimbia, koti likabaki. Yeye ndiye aliyemtuma mke wa fundi kwako. Alisema, "Dada hashindwi. Nilijua atamtoa, na mimi nitakuwa sijaumiza mtu."

Anaapa hakumpiga mlinzi. Je, ni kweli? Nilimtazama usoni nikitafuta, nikamwona mtoto niliyemfuta kamasi. Uso huo haufai kwa ushahidi. Asubuhi namwamini, jioni simwamini, nikilala nawaza mlinzi asiyemjua mkewe. Nimemwambia ajipeleke. Amesema kesho.

Tarehe 20 Mei nitakuja. Sitasikia mtakachosema, kwa hiyo maswali yako uniandikie kwenye karatasi. Umezoea.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya barua ile. Nisamehe. Habari za goti? Habari za mtoto wa jirani? Karani ameziba dari mwenyewe kwa bati la kopo la rangi, na sasa hana la kununia, anaonekana mpweke.

Sketi imefika. Nilikwenda nayo stoo ya mahakama, nimeikunja ndani ya mkoba. Karani wa huko akanitolea koti, akaliweka mezani. Nikalitazama. Nikafungua mkoba, nikaufunga. Nikamwambia ahsante, nikarudi nayo nyumbani. Sijui nilitaka nini. Wakili mwenye ushahidi mkononi, anaogopa kuulinganisha!

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mama muuza mkaa alisema kweli: alimwona fundi na koti. Fundi alisema kweli: koti si lake. Kila mtu katika kesi hii alisema kweli, na kweli zao zilikuwa zinampeleka mtu gerezani, na aliyekuwa anazichuja ni mimi niliyejisifu kwamba sidanganyiki. Sijawahi kumwamini mteja hata mmoja. Huyu alikuwa mkweli tangu siku ya kwanza, na kwangu ukweli wake haukuwa na mahali pa kukaa.

Jana nilimwendea nikamwambia yote: koti ni la nani, na mimi ni nani kwa mwenye koti. Nikamwambia ana haki ya kuniacha atafute wakili mwingine, na hakimu nitamwambia pia. Alijichokonoa grisi kwenye kucha. Akasema, "Sasa unaniamini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi endelea. Nitamweleza nani tena kutoka mwanzo?"

Njoo. Nimekuandalia kitanda. Yeye usimlete, usimfukuze, usimwambie lolote kutoka kwangu, kwa sababu sina neno ninalojua ni la dada na si la wakili.

Kwanini wako

3 Juni

Mwanangu Kwanini,

Marahaba kabla ya shikamoo. Nimefika salama. Goti lilivimba safarini lakini limerudi chini. Mtoto wa jirani amepewa jina, na mamake amekuja kuniomba vitambaa vya kumfungia. Cherehani imekaa siku kumi bila kazi ikanuna kama karani wako, nimeitia mafuta.

Tuliagana bila kusemezana, ndiyo maana naandika. Mahakama nzima niliiona midomo tu. Nilikuwa kwenye kizimba kile nimeshika mbao, ukaja na karatasi ya kwanza: "Unalijua koti hili?" Nikaandika, nalijua. Ukaisoma kwa sauti, nikaona vichwa vinageuka. Karatasi ya pili: "Unalijuaje?" Nikaandika habari za kidole, kifungo na sketi. Wakaleta sketi, hakimu mwenyewe akaweka tundu juu ya kiraka, na ile kona yenye jino ikakaa mahali pake. Ukarudi mezani kwako kuandika la tatu.

Ukasimama pale. Ulishika kalamu, karatasi nyeupe mbele yako, na mkono haukwenda. Nilingoja. Yule mwendesha mashtaka alitazama saa. Mtoto aliyeniuliza kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini watu hufa, kwa nini kifungo kinaitwa kifungo, akakosa swali. Nikaona hutaliandika, si kwa ubaya, huwezi tu. Basi nikachukua karatasi ya pili nikaigeuza nyuma, nikaandika jibu bila swali. Niliandika jina lake lile la kwenye cheti, si la utani. Nilikuwa sijaliandika tangu nilipompeleka darasa la kwanza.

Fundi wa baiskeli yuko kwake na mkewe, nashukuru. Mlinzi bado yuko vile vile, na hilo hakuna karatasi itakayolitengeneza.

Ndugu yako, polisi walipofika hapa walimkuta amekaa kwenye kile kigoda, amevaa viatu, amefunga kamba. Kila siku alikaa hivyo, tangu alfajiri niliposafiri, jirani aliniambia. Aliponiona narudi nyuma yao hakucheka. Aliniambia kwa midomo polepole ili nielewe: "Shangazi, leo." Nimelia mwanangu, sitaficha. Sasa wenzake wawili wanatafutwa, na kama alipiga au hakupiga atasema mwingine, si mimi.

Lakini nina swali moja na nalitaka jibu. Sketi ile uliivaa miaka mitatu. Uliipiga pasi kila Jumatatu mpaka ikang'aa makalio. Mwenye macho haambiwi tazama. Ulilishika koti tangu Februari, ukaniandikia kila kitu hadi mafundo ya ndani, ukaruka rangi. Nikakuuliza, ukaruka tena. Je, ulikijua kitambaa kile tangu siku ya kwanza?

Sikasiriki, vyovyote utakavyojibu. Mimi pia nilificha. Nataka kujua tu.

Shangazi yako

19 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mgongo mzima pia, nimenunua kiti kipya. Jana nilikwenda kumwona Bwana Kesho mahabusu. Tulikaa nusu saa tukizungumzia mvua. Amewekewa wakili mzuri, ambaye si mimi, na ambaye naomba amwamini au asimwamini kwa namna itakayomfaa.

Nimeanza kukujibu mara nne na kuchana. Niliandika "hapana", nikaiona ni ya wakili. Niliandika "ndiyo", nikaona ni ya mtu anayetaka kuadhibiwa yaishe. Jibu langu, Shangazi, ni kwamba sijui. Nimejihoji kama nisivyowahi kumhoji shahidi, na kila ninapojibana kona moja natokea nyingine.

Ninachokikumbuka ni hiki. Siku ile stoo niliukunja mkono wa koti kutazama kiwiko, nikakishika kiraka kwa vidole viwili. Kitu kikanigusa. Sikukipa jina. Nikaanza kuhesabu vifungo. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba hapo hapo nilianza kuhesabu vifungo. Halafu nikatoka nikanunua bahasha na kukuandikia wewe, kati ya mafundi wote wa dunia. Je, nilitaka uniambie, au nilitaka uniambie kwamba sivyo? Shahidi mwingine angenipa maelezo hayo ningemgeukia hakimu na kusema huyu anadanganya, na hakimu angekubaliana nami, na nisingelala kwa raha.

Miaka kumi na sita nimeuza shaka. Sikujua kwamba shaka niliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa inanifanyia kazi ya kunificha nisione.

Ni bluu, Shangazi. Bluu ya shule, imefifia katikati, na ukingoni kuna mstari mweupe mmoja. Uliniuliza tarehe 2 Machi. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Kwanini